Tutakuombea, Mwanangu

Sogezeni benchi, jamani, na wewe wa kahawa nimiminie kikombe kimoja. Leo nina neno. Nimelibeba kutoka Korogwe mpaka hapa Chanika, kilometa 65 za lami, na limenielemea kuliko begi nililolipakata njia nzima.

Juzi jioni mzee wangu mmoja wa hapa hapa kijiweni alisimamisha bao, akanitazama, akasema: "Wewe kijana wa kanisani huna shida. Nyie mnasomeshwa na Wazungu." Watu wakaitikia, kete zikaendelea kutembea. Nilinyamaza, maana sikulelewa kumbishia mkubwa mbele ya watu. Lakini nilipofika nyumbani nilisonya peke yangu gizani mpaka mama akaniuliza kulikoni. Mniwie radhi wazee wangu, leo nitasonya na mbele yenu, ila si kwa ajili yenu.

Hilo la Wazungu lilikuwa na ukweli wake zamani. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Waanglikana, walifika Magila, kule Muheza, miaka ya 1860, na tangu hapo kanisa na shule vikaenda pamoja. Watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa Kiungani, Unguja, na baadhi yao wakavuka bahari kuja bara wakiwa walimu na mapadri. Askofu Frank Weston alifia Hegongo mwaka 1924, huku huku kwetu, mbali na kwao. Kwamkono mnakwenda kutibiwa, Teule Muheza mnakwenda kutibiwa, na mizizi ya hospitali zote mbili ni misheni ile ile. Mtoto wa Uzigua au wa Bonde akionekana ana kichwa chepesi, misheni ilimshika mkono. Babu yangu mzaa mama alishikwa mkono hivyo. Alikuwa mtoto wa mfugaji mbuzi, akatoka mwalimu.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za madhehebu zikaingia mikononi mwa Serikali. Mimi sililaumu hilo hata kidogo. Lilifungua mlango kwa watoto wa dini zote, na sisi wa Handeni, ambako nyumba moja ina Rajabu na Yohana na wote wanakula sinia moja, tunajua thamani yake. Ninachosonyea ni kingine. Shule zilipoondoka, na ile tabia ya kumshika mtoto mkono ikaondoka nazo. Kanisa likabaki na uimbaji.

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne iliondolewa 2016. Ya kidato cha tano na sita ikaondolewa 2022. Jambo jema, nami nimefaidika. Lakini likaingiza wazo kichwani mwa watu kwamba kusoma sasa ni bure mpaka mwisho. Mzazi anamfikisha mtoto kidato cha sita, anashusha pumzi, anasema nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza bili inaanza! Chuo kina ada, chumba, chakula, nauli na mazoezi ya kufundisha. Mikopo ya ngazi ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani chache za kipaumbele, na mimi ninayesomea ualimu wa Kiswahili na Historia simo. Mwanachuo kikuu utamsikia anasubiri bumu, fedha ya mkopo. Mimi nasubiri mama auze mahindi.

Mnataka kujua naishije? Korogwe nimepanga geto, chumba kimoja, tuko wawili. Mwenzangu ni mtoto wa Magoma, Mwislamu, jina lake nitalihifadhi kwa sababu hapendi kusifiwa. Kitanda kimoja, godoro moja tumelikunjua chini, jiko moja la mkaa. Yeye hunishangaa ninavyooga kwa nusu ndoo. Nilimwambia ndugu yangu, mimi nimekulia Handeni, nimebeba madumu kabla sijajua kuandika. Ule mradi wa maji wa HTM wa miaka ya 1970 uliyavuta maji ya Mto Pangani kutoka huko kwenu, lakini bombani kwetu yalikuwa mgeni wa msimu. Tangu siku hiyo ananiachia ndoo nzima, na mimi bado naoga nusu. Mazoea hayo hayatoki.

Asubuhi naamka saa kumi na moja. Napiga magoti upande wangu, yeye anatandika mswala upande wake. Taa moja. Hatujawahi kugombania taa. Halafu nakwenda kwenye maombi ya UKWATA, umoja wetu wa wanafunzi Wakristo, nusu saa kabla ya vipindi, na nawaambia kweli, nusu saa ile ndiyo inayonibeba. Kuna siku naingia pale kichwa kimejaa deni la kuchapisha desa, natoka nimetulia kama mtu aliyekunywa maji. Asije mtu akadhani nayadharau maombi. Nayaishi.

Chai asubuhi ni bahati. Mchana, mara nyingi, ni pasi ndefu. Wale mliosoma mnajua pasi ndefu ni nini, na wale wasiojua ni kwamba mtu anautoa mpira asubuhi na kuupokea jioni, katikati hapana kitu tumboni. Jioni ugali na maharage, au kisamvu, au makande yakibaki kwa mama jirani, Msambaa mmoja mwenye huruma. Nyuma ya geto kuna barabara, mabasi ya Arusha na Moshi yanasimama abiria wale. Harufu ya kuku inaingia dirishani bila hodi. Basi unafungua daftari la Historia unasoma habari za njaa, na njaa unayo.

Mwaka 2025 Kwaresma na Ramadhani zilikutana. Mwenzangu alianza kufunga tarehe 2 Machi, mimi Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5. Siku tatu tu. Nilimwambia mwaka huu tutafunga wote, akafurahi. Lakini jioni ya kwanza ndipo nilipojua. Yeye alikwenda kufuturu, akarudi na bakuli. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi. Akasema, "Shehe ameuliza yule mwenzako Mkristo naye amefunga? Nikasema ndiyo. Akasema basi mpelekee." Ikawa hivyo kila jioni, mwezi mzima, mpaka Idi ya tarehe 31 Machi. Mzee yule hakuwa amewahi kuniona. Hakujua jina langu. Alisikia kuna mtoto amefunga, akauliza amekula nini, basi.

Siku ya Idi nilivaa shati langu la kanisani nikaenda kumshukuru. Alinishika mkono akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Handeni. Akauliza kwa nani. Nikataja ukoo wa mama. Akacheka, akataja jina la babu yangu, yule mwalimu. Kumbe babu ndiye aliyemfundisha kusoma.

Sasa ngoja nifike kwenye lile lililonisonyesha.

Muhula uliopita tulipangiwa mazoezi ya kufundisha. Mtu ambaye hajawahi kwenda hajui gharama yake. Unahitaji suruali ya heshima na viatu, nauli ya kila siku, manila na maka peni za zana, karatasi za azimio la kazi na maandalio ya somo. Nilipiga hesabu nikapata upungufu wa shilingi 120,000. Nikasema nina kanisa. Nimebatizwa pale, nimeimba kwaya ya watoto pale, nimefagia pale kila Jumamosi mpaka nimekwenda chuo. Nikaandika barua, mwandiko mzuri, nikaipeleka mwenyewe. Kanisa lenyewe silitaji, na msinibane.

Jumapili hiyo palikuwa na harambee ya spika. Baada ya ibada ukafanyika na mnada wa sadaka, jogoo mmoja akanunuliwa mara tatu na kurudishwa, kila anayemnunua anamtoa tena kwa Bwana. Watu walishangilia! Zikapatikana milioni nne na ushee. Nami nilitoa elfu moja yangu, ya nauli, kwa sababu ni kanisa langu. Mwisho wa yote mzee wa kanisa mmoja akaniita pembeni. Barua alikuwa nayo mfukoni. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito, wa upendo, sina shaka na upendo wake. Akasema: "Tumeisoma. Mfuko umeelemewa. Tutakuombea, mwanangu."

Nikaitikia amina.

Jamani! Mimi si mtoto wa kumdai mzee wa kanisa. Wala spika sizichukii, mimi mwenyewe ni mwanakwaya, najua sauti ikikatika katikati ya wimbo inavyouma. Lakini spika za zamani zilikuwa zinasikika. Zinasikika mpaka sokoni. Na siku ile, katika watu wote waliomshika yule jogoo, hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unamtaja mtu wa namna yangu na jibu la namna ile nililopewa. Nendeni mkausome wenyewe, nisije nikaonekana nawahubiria wakubwa.

Fedha nilipata kwa mjomba. Sisi Wazigua mjomba si mtu wa pembeni. Mtoto ni wa dada yake, na kwa hiyo ni wake. Mjomba wangu ni Mwislamu, ana mbuzi saba, au tuseme alikuwa nao saba. Sikumwomba. Mama alimweleza tu kwamba mtoto amerudi mnyonge kutoka kanisani. Kesho yake akawapeleka wawili mnadani, akaja na fedha ameifunga kwenye kitambaa. Akaniambia, "Kafundishe, mpwa wangu. Na hao wazee wako usiwakasirikie, hawajakaa na njaa siku nyingi, wamesahau." Nikalia. Hata sasa nikisema inanishika hapa kooni.

Nikaenda kufundisha. Shule ya kata, kwenye njia ya mashamba ya mkonge. Asubuhi unatembea katikati ya mistari ya mkonge, umande unalowesha suruali mpaka magotini, unafika unakuta kidato cha pili wanakusubiri, macho hamsini na kitu... mia na kitu, kila mtoto ana mawili. Wiki ya tatu nilimwona msichana mmoja analala mezani kila kipindi cha mwisho. Mwalimu mwenyeji akasema huyo mvivu. Nikakumbuka bakuli la mihogo. Nikamwita, nikamuuliza swali moja tu, lile la Shehe: umekula nini? Akasema jana mchana. Basi tukazungumza na walimu, na mama mmoja muuza maandazi getini akakubali kumtunzia mawili kila siku, malipo mwisho wa wiki. Msichana aliacha kulala. Hakuwa mvivu. Alikuwa na njaa.

Haya ndiyo niliyotaka mzee wangu wa juzi ayasikie. Hakuna Mzungu anayenisomesha. Nasomeshwa na mahindi ya mama, na mbuzi wawili wa mjomba, na Shehe mmoja wa Korogwe ambaye alisomeshwa na babu yangu. Kanisa langu nalipenda, sitalihama kwa kukasirika, ila kwenye orodha hiyo bado halijaingia, na nataka liingie. Linaweza. Yule jogoo anatosha.

Hivyo likizo hii nimefanya kazi moja. Nimezunguka nyumba kwa nyumba na daftari, nimeandika majina ya vijana wote wa mtaa wetu wa kanisa walio vyuoni. Ualimu, uuguzi, kilimo, ufundi. Nimeandika chuo, mwaka na upungufu wa kila mmoja. Watatu wamesharudi nyumbani, hawasemi kwa aibu. Mmoja yuko stendi anapiga debe na alibakiza muhula mmoja.

Jumatatu asubuhi napanda gari kurudi Korogwe. Mzee wa kanisa huwa anapita hapa kununua gazeti baada ya ibada. Akipita kabla sijaondoka, nawaomba mniitie, nimpe daftari mkononi. Asome majina madhabahuni, mara moja tu, baada ya matangazo, kabla ya mnada. Tuko 14.