Sifa za Mheshimiwa Lundo la Matawi

Wapo wanaosifu mawaridi, wapo wanaosifu mwembe ulioinama kwa uzito wa dodo. Mimi nimesimama kumsifu ambaye hajawahi kupigiwa makofi: Mheshimiwa Lundo la Matawi, aliyeketi nyuma ya nyumba tangu siku ua wa michongoma ulipopunguzwa. Majirani humwita uchafu. Mjumbe humwita maficho ya nyoka. Mwenye nyumba, kila Jumamosi, humwita kazi ya wiki ijayo. Yeye hamjibu mtu, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ukubwa.

Nasaba yake ni njema. Maganda ya ndizi na makapi ya chai ni wapita njia: leo yametupwa, keshokutwa yamelegea na kunuka. Tawi la mwarobaini limejengwa kwa lignini, ile gundi inayousimamisha mti, nayo huwashinda bakteria wengi. Wanaoiweza hasa ni kuvu, na kuvu hawakimbizwi. Ndiyo maana mheshimiwa huoza kwa miaka, bila papara na bila kumnukia mgeni.

Tazameni na ulaji wake. Kwenye mti, kaboni yaweza kuzidi nitrojeni mara 400 au zaidi, na lundo linalooza vizuri hutaka izidi mara 25 hadi 30 tu. Pengo hilo ni la wengine kuliziba: apelekewe samadi ya kuku, majani mabichi, mkojo wa ng'ombe. Ukimkatakata ukamfukia bustanini mikono mitupu, vijidudu vyake vitajichukulia nitrojeni ya mchicha wako, na mchicha utageuka manjano. Wenye husuda husema ni wizi. La, ni mkopo: akishaoza, hurudisha udongoni. Wakopaji wangapi wa mtaani kwenu wana sifa hiyo?

Kwa ukarimu hana mfano. Mchwa wakibisha hodi, huwakaribisha wote na jamaa zao. Wapo wanaomchukua kipande kwa kipande hadi kichuguuni, wakamfanya shamba la kuoteshea kuvu wanaowalisha. Mvua zikianza, kumbikumbi wanaruka, na watoto wanakimbilia mabeseni. Kwamba mchwa haohao siku moja watavuka uwanja kuja kuonja kenchi za nyumba yako, hilo ni suala la ujirani mwema. Msogeze mbali na ukuta, mheshimiane.

Hata wataalamu walimnyenyekea. Albert Howard, Mwingereza aliyetafiti mboji huko Indore, India, katika miaka ya 1920, alikuta miti ya pamba na mbaazi iliyokwisha kuvunwa ni migumu mno. Akaitandaza kwenye barabara za shamba, mikokoteni ipite juu mpaka ipondeke. Waheshimiwa wengine hutandikiwa zulia. Huyu alitandikwa mwenyewe, ng'ombe wakampitia, na bado akaishia kuwa mbolea. Miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya nayo yakaifuata njia ya Indore.

Najua wapo wanaokuja na kiberiti. Kweli, moto humaliza kazi jioni moja. Nitrojeni hupaa na moshi, yakabaki majivu, na kanga za jirani zilizoanikwa kambani zikanuka moshi mpaka Ijumaa. Kisha aliyechoma huenda kununua mbolea ya mfuko, akalalamikia bei.

Masharti ya mheshimiwa ni machache. Samaki mkunje angali mbichi: naye akatwe angali mbichi, kwa kuwa akikauka hulidhihaki panga. Vipande visizidi unene wa kidole gumba, vichanganywe na majani mabichi na samadi, vimwagiwe maji kiangazi. Vigogo vinene avibebe chini kabisa, hewa ipite. Ukimnyima yote hayo hatanuna. Ataoza tu, kwa ratiba yake.

Basi bwana afya akija kuuliza hicho ni nini, usijitetee. Mwambie ni kamati ya udongo: iko kikaoni tangu masika ya mwaka juzi, haijadai posho hata senti, na, kinyume cha kamati tulizozizoea, hii mwishoni itatoa kitu.