Hotuba juu ya Adabu ya Kuyapokea Maoni ya Wasiojua Kuchora

Mabwana na mabibi, wanafunzi wa fani, na nyinyi vijana wa pikipiki mliojazana mlangoni mkituzuilia nuru: namshukuru Mola aliyenijalia kufika Mavivi, mahali ndege hushukapo na abiria wakavitazama vibao vyetu kabla hawajautazama mji wa Beni, ili niwafundishe, bila ya malipo isipokuwa nauli na chakula, elimu niliyoivumbua peke yangu, nayo ni elimu ya kustahimili rai za watu juu ya rasimu.

Mchora rasimu, kama nilivyomfasili katika kitabu changu kitakachopigwa chapa pindi watu watakapokuwa tayari kukielewa, ni yule akichoraye kitu kabla hakijakuwako: kibao kabla ya duka, ubavu wa basi kabla ya basi kununuliwa. Basi ikiwa kitu chenyewe hakipo, ni nani awezaye kudai kuwa hakikufanana? Juu ya hoja hii, ambayo sijalisikia jawabu lake, nimeijenga kanuni yangu ya kwanza, wala sikuona haja ya kuwa na ya pili.

Wapo watakaonipinga kwa kumtaja Chéri Samba wa Kinshasa, aliyeanza kwa kuchora vibao kama sisi, naye alipoona wapita njia wanazitupia picha jicho na kwenda zao, akaanza kuandika maneno ndani ya picha ili wasimame kusoma, na kazi yake ikavuka bahari hadi Paris. Nami nasema: laiti angaliwapuuza, angalifika mbali zaidi.

Lakini shahidi wangu mkubwa ni Sir Harry Johnston, mjumbe wa Serikali ya Uingereza katika Uganda, mchoraji hodari, ambaye mwaka 1900 alivuka mpaka akaja kwenye ngome ya Beni upande wa mto Semliki, yaani huku huku kwetu, akimtafuta mnyama wa msituni ambaye Wambuti walikwisha kumsimulia habari zake. Bwana huyu alikuwa amekwisha kumchora kichwani: ni punda milia au jamaa yake, basi. Wambuti, watu waliozaliwa katika msitu ule wakamwinda mnyama yule vizazi kwa vizazi, wakamwonyesha nyayo ardhini, nazo zilikuwa za kwato zilizopasuka. Je, mwadhani aliibadili rasimu? Hasha! Aliwashuku kuwa wanamfuatisha nyayo za pofu, akashikilia ukwato wake mzima usio na ufa. Huo ndio uthabiti! Kisha akapeleka London vipande viwili vya ngozi ambavyo askari walikuwa wamevikata kuwa mikanda ya risasi, na mwanachuoni Sclater, mwanzoni mwa 1901, akampa mnyama jina la ukoo wa farasi.

Sikatai kwamba mwaka huohuo Eriksson, ofisa wa ngome, alileta ngozi nzima na mafuvu mawili, ikadhihirika kuwa mnyama yule, yaani okapi, ni nduguye twiga, na kwamba kwato zake zimepasuka vilevile kama walivyoonyesha Wambuti, hata mwanachuoni Lankester akalazimika kumtungia jina jingine. Lakini nauliza: ni jina la nani lililobaki humo? *Okapia johnstoni*! Mmbuti aliyenyoosha kidole kwenye nyayo hakupata hata herufi moja. Hilo, wanangu, ndilo fungu la mtoa maoni.

Kwa kuufuata mfano huo mtukufu, bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni katika njia ya Oicha aliponiagiza okapi wa ukutani, nilimchora kwa kwato nzima, kwa heshima ya wazo la asili. Mkewe akasema amefanana na punda aliyevaa soksi. Mpishi akataka shingo irefushwe. Mtoto akauliza mbona hana ulimi, ilhali okapi hujilamba hata macho. Nikayapokea yote kwa taadhima, nikayaandika katika daftari niliyoitenga kwa kazi hiyo, nikaifunga.

Ila mwenye nyumba, mtu asiye na insafu, akazuia nusu ya ujira hadi kwato zipasuke. Kuzipasua ni kuikhini kanuni. Kutozipasua ni kulala njaa. Na kati ya maovu hayo mawili hekima yangu ilinifungulia mlango wa tatu, nikachora nyasi, ndefu, nene, za kijani kibichi, zikamfika mnyama magotini, kwato zisionekane wala zisikanushike. Amenilipa robo. Robo iliyosalia ameishika, kwani sasa auliza ni wapi ndani ya msitu ule, ambako jua lenyewe halifiki chini, nyasi kama zile huota. Na mkewe asema soksi zilikuwa afadhali.