Gari la Mgeni Nalo ni Mgeni

Wamarekani na Wakanada wanaoteremka Mexico kwa gari hawaishi kuilalamikia forodha ya nchi hiyo. Nionavyo mimi, malalamiko yao karibu yote yana mzizi mmoja: mtu anaamini gari lake ni sehemu ya mavazi yake, kama kofia. Forodha haioni kofia. Inaona bidhaa isiyolipiwa ushuru, iliyokaribishwa kwa sharti kwamba itaondoka, na kwa hiyo bidhaa hiyo ina kibali chake yenyewe, tarehe yake ya mwisho na, ikibidi, kesi yake.

Ukishalikubali hilo, vituko vinaanza kueleweka. Ukitoa ukanda wa mpakani na rasi ya Baja California, gari la mtalii hukaa kwa muda uleule aliopewa mwenyewe, usiozidi siku 180, na mwenyewe huacha dhamana ya dola 200 hadi 400, kulingana na umri wa gari, kwa Banjercito, ambayo ni benki ya jeshi. (Sijui mdaiwa gani angethubutu kumpiga chenga mkopeshaji wa namna hiyo.) Muda ukipita gari halijatoka, dhamana ndiyo imekwenda. Hata usukani una masharti: wa familia ya karibu wanaruhusiwa, lakini raia wa Mexico haruhusiwi kuliendesha mpaka aliyeliingiza awe amekaa ndani. Hapo ndipo taabu ya fundi makanika inapoanza. Amebadilisha breki, anataka kuzisikiliza barabarani, na sheria inamtaka kwanza amwamshe mteja kwenye kivuli chake, apande na kaptura yake, wazunguke wote wawili. Ni kichekesho, ila bila sharti hilo kila mwenyeji mjanja angejitafutia rafiki wa Texas asiyeonekana, mwenye gari linaloonekana kila siku.

Mtu atasema huo ni wasiwasi wa bure. Mtalii kaleta dola zake, aachwe ale samaki kwa raha. Lakini Mexico imeshaumwa na nyoka huyu. Magari ya Kimarekani yaliyotumika na kuingizwa kinyemela yamekuwa mengi hata yakapewa jina la utani, autos chocolate, yaani magari ya chokoleti. Januari 2022 serikali ilitoa amri ya kuyahalalisha, kuanzia majimbo ya kaskazini, yale yaliyotimiza miaka 8, kwa peso 2,500 kila moja, na fedha hizo zitumike kukarabati barabara. Magari ya magendo yakatakiwa kulipia mashimo yaliyosaidia kuyachimba.

Wengine hushangaa zaidi wanaposikia kwamba mgeni akipata ukaazi wa kudumu, kibali cha gari lake la kigeni kinamtoka. Aliyeipenda nchi kwa miezi sita anaachiwa gari. Aliyeipenda maisha yake yote ananyang'anywa! Mswahili hana haja ya kushangaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la forodha ni ushuru.

Pingamizi zito linatoka baharini. Mashua ya mgeni hupewa kibali cha miaka 10, na mwenyewe anaweza kupanda ndege akarudi kwao akaiacha imefungwa gatini; sheria inaiamini mashua kuliko nahodha wake. Kama kanuni ni nzuri kiasi hicho, mbona Novemba 2013 wakaguzi wa kodi walizizuia mashua 338 kwa mpigo? Jibu ni kwamba kanuni haikukosea, macho ndiyo yalikosea. Wakaguzi walitafuta namba ya kiunzi, ambayo kwa mashua za Kimarekani ina herufi na tarakimu 12 na huchongwa tezini, upande wa kulia. Wakaenda tezi na omo wasiione. Mashua nyingine wenyewe hawakuwapo kuonyesha, na nyingine zilikuwa kongwe, zilizoundwa kabla Marekani haijalazimisha namba hizo mwaka 1972, kwa hiyo zilishtakiwa kwa kukosa kitu ambacho hazikuwahi kuwa nacho. Nyingi ziliachiliwa mwaka uliofuata. Kwa mara moja, serikali nayo ilionja ugumu wa kumtambua mgeni asiyesema.

Hata hivyo mabaharia nao hawajapona ugonjwa wa kofia. Mtu anauza mashua yake California bila kufuta kile kibali cha miaka 10, kwa kuwa kwake yeye mashua imekwisha kuondoka Mexico, na jambo limeisha. Mnunuzi anapoomba kibali kipya, kompyuta inamjibu kwamba mashua hiyo haijawahi kutoka. Ameishika kamba mkononi, iko San Diego inayumbayumba mbele yake, na haiwezi kuingia Mexico kwa sababu tayari imo. Anayenunua mashua pwani ile na amwulize muuzaji habari za kibali kwanza. Injini ataikagua baadaye.