Zipu Zote Wazi

Baba Zuhura, mume wangu, ni mtu wa karatasi. Harusi ya mdogo wake aliiandalia karatasi, kuhama nyumba kulikuwa na karatasi, na safari ya Orlando nayo ikapata yake, imebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji, kichwa kimepigiwa mistari miwili: VISIVYORUHUSIWA. Chupa za kioo. Visu vya aina yoyote. Viti vya kukunja. Fimbo za selfi. Bunduki za kuchezea. Barafu iliyo wazi. Vigari vya watoto vinavyozidi upana wa sentimita 79. Kwetu kitinda mimba ana miaka minane na kigari chake tulishakigawa zamani, lakini karatasi ya Baba Zuhura haichagui.

Tunaishi Tampa, na kutoka kwetu hadi Orlando ni kilomita 135 hivi kwa barabara ya I-4. Tulikuwa tukizikwepa bustani za burudani za huko kwa sababu ya bei ya tiketi. Ila mwaka ule Mama, yaani mama mkwe wangu, alikuja kutoka Tanga kukaa nasi likizo nzima ya watoto, na wajukuu wakaapa kwamba bibi harudi kwake Ngamiani bila kupanda bembea ya Kimarekani. Bustani tuliyokwenda siitaji, maana watu wake hawakutukosea kitu. Waliofanya mambo ni sisi.

Usiku wa kuamkia safari Baba Zuhura alitukalisha sebuleni akatusomea karatasi, na kwa kuwa kusoma tu hakumtoshi, akatoa na sababu. Kwamba zamani mtu aliingia Disney World na kapu lake bila kuulizwa, mpaka yalipotokea ya Septemba 11, 2001, ndipo meza za kupekua mabegi zikawekwa. Kwamba Desemba 2015, baada ya mashambulizi ya Paris na San Bernardino, bustani kubwa za Orlando zilianza kutumia mashine za kugundua chuma milangoni, na Disney ikaacha kuuza bunduki za bandia, ikawakataza pia wenye umri wa miaka 14 na kuendelea kuvaa mavazi ya kuigiza.

"Mtoto wa miaka kumi na minne akivaa gauni la malkia anamtisha nani?" Mama aliuliza.

"Si kutisha, Mama. Ni kwamba chini ya gauni huwezi kujua kuna nini."

"Chini ya kanga yangu utajua?"

Hilo halikuwamo kwenye karatasi, akaendelea na barafu.

Mimi hapo sikumcheka mume wangu. Tangu Julai 1, 2023, sheria ya Florida inamruhusu mtu mzima aliyetimiza masharti kutembea na bunduki iliyofichwa bila kuomba kibali, na bustani hizi zimekataa bunduki ndani ya mageti yao. Kwa hiyo meza ile haikuwekwa kwa ajili ya kuwaonea wenye vyakula. Yupo mtu anayetoka nyumbani na bastola kwenye begi la nepi, akasahau kama anayo.

Mama aliisikiliza karatasi mpaka mwisho, akauliza lililomhusu: "Na chakula?"

Majibu ya chakula Orlando yanatofautiana. Zipo bustani zinazokuruhusu uingie na chakula chako mradi hakihitaji kupashwa moto na hakimo kwenye chombo cha kioo. Zipo nyingine ambazo zaidi ya vitafunwa vidogo, chakula cha mtoto mchanga na cha mgonjwa, hutavuka. Ya kwetu ilikuwa ya kundi la kwanza, na Mama alipolisikia hilo hakulala. Kabla ya alfajiri nyumba ilikuwa inanuka katlesi. Alikaanga sambusa, akachemsha mayai, akafunga na achari ya embe kwenye chupa ya kioo, ambayo Baba Zuhura aliihamishia kwenye kopo la plastiki huku anapumua kwa nguvu.

"Kule kuna maduka ya chakula kila kona," alisema.

"Sanda ya mbali haiziki maiti," alijibiwa.

Dawa ya Mama ilileta ubishi wa pekee. Ana kisukari, na kalamu zake za insulini hazitakiwi kupata joto, wakati jua la Florida la mwezi Julai halina huruma na gari likiegeshwa linakuwa tanuri. Baba Zuhura akajaza deli barafu, kalamu katikati. Wifi yangu, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee na ambaye ndiye mshika kipimo wa Mama, akamwonyesha karatasi yake mwenyewe: barafu iliyo wazi marufuku. Kinachokubalika ni vile vifuko vya kugandisha vilivyofungwa. Vifuko hatukuwa navyo. Barafu ikamwagwa kwenye sinki, wifi akatoa mfuko wa njegere zilizoganda, akauzungushia taulo ili dawa isigande, akaupanga ndani ya deli. Nasema kwa haki kwamba njegere zile zilifanya kazi nzuri kuliko kitu chochote kilichotoka nyumbani kwetu siku hiyo.

Foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu lakini inakwenda. Siku hizi kwenye bustani nyingi hawakuambii utoe kila kitu mfukoni na kukiweka kwenye kisahani kama uwanja wa ndege. Unapita katikati ya nguzo mbili, umevaa mkanda na saa yako, begi mgongoni, na mashine inaamua. Shida yake ni kwamba kuna vitu visivyo na hatia inavyovishuku: miavuli, chupa za maji za chuma, makasha magumu ya miwani. Hivyo unaambiwa uvishike mkononi, mbele ya kifua, vionekane. Baba Zuhura alitupanga mstari, akatukumbusha, akatukumbusha tena. Tukapita tumenyoosha mikono na miavuli na chupa, mzee wa familia nyuma akichunga.

Taa iliwaka kwa Mama. Ikawaka na kwa mtoto mmoja.

Kwa mtoto haikuchukua muda. Ndani ya begi lake mlikuwa na bunduki ya maji, ya kijani ya kung'aa, aliyonunuliwa na bibi yake sokoni. Askari alisema kwa upole kwamba hiyo irudishwe kwenye gari au iachwe. Mtoto akamtazama bibi, bibi akaangalia mawingu.

Kwa Mama ndiko kulikuwa na kazi. Askari alikuwa kijana aliyevaa glovu, mkononi ana kijiti cha kupekulia, akaomba afunguliwe zipu zote. Mkoba wa Mama una zipu nyingi kuliko unavyodhania, na kila moja ina makazi yake: tasbihi, kopo la Viksi, leso za akiba, kichana, picha ya marehemu baba mkwe, vipande vya tangawizi kavu, kanga nzima iliyokunjwa. Mama hakukasirika hata kidogo. Alimwambia kijana, kwa Kiswahili, "Pekua mwanangu, kazi yako hiyo," na kijana akaelewa. Kwenye deli alikuta kalamu za dawa na sindano, wifi akaeleza, akaambiwa dawa hazina tatizo. Njegere aliziinua, akazitazama, akazirudisha.

Kisha akaikunjua ile kanga.

Ndani yake mlikuwa na kopo la siagi la plastiki, kubwa. Akafungua mfuniko. Kashata. Za nazi upande mmoja, za njugu upande wa pili, zimekatwa pembe kwa pembe, na sukari yake inametameta juani. Kijana alizipitia kwa macho, hakuona kisu wala kioo, akafunga. Kwake yeye yalikuwa yameisha.

Hapa lazima nieleze kidogo. Wiki nyingi kabla ya safari hiyo sukari ya Mama ilikuwa imegoma kushuka. Wifi alipima asubuhi, akapima usiku, akapiga simu kwa daktari, daktari akaongeza dozi, na haikushuka. Kikao kikakaa. Mshitakiwa akawa mchele wangu. Ilielezwa, mimi nikiwepo, kwamba nina mkono mwepesi wa kupakua na kwamba wali mweupe ni sukari iliyovaa nguo nyingine. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikala mchele wa kahawia. Ubwabwa wa kahawia, pilau ya kahawia, wali wa nazi wa kahawia ambao haukushikana hata kwa dua. Wakati huohuo sukari ya kabatini ilikuwa inaisha haraka, na Baba Zuhura aliwakalisha watoto na kuwahutubia juu ya wizi. Watoto walilia.

Sasa kopo limefunguliwa mbele ya halaiki ya watalii, na mimi nimesimama nyuma ya wifi, kimya.

"Mama," alisema Baba Zuhura.

"Naam."

"Hizi nini?"

"Za watoto."

"Watoto gani?"

"Si hawa wako?"

Watoto, ambao walikuwa hawajaonja hata moja, walianza kuhesabu vipande kwa macho. Baba Zuhura akaanza kuzungumza juu ya figo, juu ya macho, juu ya miguu ya fulani wa Makorora, na kwamba mtu mzima hawezi kujificha jikoni watu wakienda kazini akapika sukari. Alikuwa na haki yote. Alizungumza huku akisogea kupita katikati ya nguzo, maana zamu yake ilikuwa imefika na foleni inasukuma.

Mashine ikawaka.

Askari wa pili, mama wa makamo, akamwomba atoe kilichomo mfuko wa nyuma. Akatoa kasha la miwani, la chuma. Lile lile lililoandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwamba lishikwe mkononi. Askari akatabasamu, haya makasha huwakuta wengi, akaomba tu lifunguliwe. Baba Zuhura hakuwa na haraka ya kulifungua. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba miwani yake ilikuwa usoni.

Sigara zilikuwa zimepangwa vizuri, pamoja na kibiriti cha gesi. Sigara hazikatazwi kubebwa. Kuzivuta ndiko kumetengewa mahali pake. Askari alifunga kasha, akamrudishia, akamtakia siku njema. Mume wangu alikuwa ameniapia kwamba aliziacha kabla ya Ramadhani. Niliwapigia simu mashoga zangu kuwaambia. Ndugu zake walimtumia pongezi kutoka Pongwe.

Mama alikuwa anafunga zipu zake, moja baada ya nyingine, bila pupa. Hakuinua sauti.

"Na hizo, baba, ni za watoto pia?"

Wifi aligeuka upande wa maua, mabega yanatikisika. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Halafu Baba Zuhura akainyakua ile bunduki ya maji na kusema, kwa moyo wa kujitolea ambao sijauona tangu tuoane, kwamba yeye ataipeleka kwenye gari, sisi tumsubiri kivulini, asitusumbue.

"Utakwenda na Zuhura," nilisema.

"Ni mbali, mtoto atachoka."

"Atachoka na wewe."

Walikwenda, wakarudi, kibiriti kimebaki kwenye gari, na Zuhura amevaa uso wa hakimu. Nilidhani tumemaliza na ukaguzi, kumbe kuna bembea za kasi zenye mashine yao ya chuma mlangoni: simu, funguo, hata sarafu, vyote unaviacha kwenye kikabati, kwa sababu kitu kidogo kikikuponyoka juu kule, aliye chini ndiye atakayekipokea. Baba Zuhura aligeuza mifuko yake nje kabla hajaulizwa.

Mchana tulipata benchi chini ya mti, kabla mvua ya radi haijashuka. Katlesi zikatoka, achari ikatoka. Mama alipimwa, akadungwa, namba ikasomwa kwa sauti. Kopo la siagi liliwekwa katikati ya watoto na wifi akatangaza kwamba linamalizika hapohapo, jambo ambalo watoto walilipokea kwa utii mkubwa.

"Mkoba wako haukuguswa," wifi aliniambia.

Kweli. Nilipopita mimi mashine ilinyamaza, na aliyenyamaziwa na mashine haombwi zipu. Nikaona nifungue mwenyewe. Nilitoa kibuyu cha maji, nikatoa tishu, nikatoa kifurushi cha karatasi ya fedha, nikakifungua mapajani taratibu, harufu ya hiliki na bizari ikatangulia. Pilau, punje moja moja, mchele mweupe wa basmati. Nilikuwa nakula hivyo kazini tangu siku ya kile kikao.

Baba Zuhura alitazama kifurushi, akanitazama, akafungua mdomo, akakumbuka kasha la miwani, akaufunga.

Mama alisogea kwenye benchi mpaka goti lake likagusa langu.

"Ni huu mchele wa zamani?"

"Huohuo, Mama."

"Vijiko viwili tu," alisema wifi, kipimo tayari mkononi. "Viwili, Mama, nahesabu."

"Hesabu," alisema Mama, na kuanza kukunja mkono wa gauni. "Mimi silii kijiko."