Namna ya Kulishwa na Nairobi kutwa Nzima

Sharti la kwanza ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo nalitanguliza: usile ulipolala. Ile meza ndefu ya asubuhi, yenye juisi za rangi tatu na mpishi aliyevaa kofia ndefu, imekwisha kuwaharibu wasafiri wengi. Mgeni aliyeshiba saa moja asubuhi haoni kitu. Anayapita mandazi yanayoepuliwa kama mtu anayepita mlangoni mwa benki asikokuwa na akaunti. Toka na njaa. Siku hii, ukiifuata vizuri, ni ya kulisha na kulishwa tangu asubuhi hadi giza: wewe utalishwa na kina mama wa vibanda, ndovu watalishwa mbele ya macho yako, twiga utamlisha kwa mkono wako mwenyewe, na mwisho utaingia mahali ambapo ni marufuku kumlisha yeyote.

Kibanda huchaguliwa kwa kutazama chini. Tafuta buti zenye saruji iliyokauka. Mtu wa mjengo hulipwa kwa siku. Akiumwa tumbo Jumanne, Jumanne hiyo haina malipo, na hamsahau aliyempikia Jumatatu. Mama anayewapikia watu hao mwaka nenda mwaka rudi, kwenye kona ileile, amekwisha kukaguliwa na wakaguzi wakali kuliko wa kaunti. Chakula chake pia hakilali. Sufuria ya maharagwe iliyojaa saa sita mchana, saa nane inakwanguliwa.

Ukifika, salimia kabla ya kuuliza bei. Mtanzania, toa shikamoo yako bila haya. Nairobi ina haraka na haiitumii sana, lakini mama wa makamo akiisikia lazima ainue uso kutoka kwenye karai. Agiza chai ya maziwa, ile inayochemshwa majani na maziwa pamoja, na mandazi mawili. Keti kwenye benchi. Jirani akisogea, nawe sogea, maana benchi la kibanda halijai, hubanwa tu. Na tafadhali usitoe noti ya elfu moja alfajiri hiyo. Ni uonevu. Mama atazunguka vibanda vya jirani akitafuta chenji huku chapati zake zikiungua. Beba noti ndogo au lipa kwa M-Pesa.

Sasa panda matatu ya Ongata Rongai, namba 125 au 126. Muziki utausikia mbavuni kabla haujafika masikioni. Uliza nauli ukiwa bado chini, kwa sababu ukishaketi bei ni ile atakayoitaja makanga, na mvua ikianza kunyesha nauli hupanda papo hapo. Mwambie mapema kwamba unashuka Barabara ya Magadi, kwenye lango la kwenda kwa Sheldrick, wanakolelewa ndovu yatima. Uwe umeweka nafasi siku kadhaa kabla, na uwe umefika kabla ya saa tano, kwa kuwa wageni hupewa saa moja tu, saa tano hadi saa sita. Baada ya hapo ndovu wana shughuli zao porini.

Hapa utani nauweka kando kidogo. Watoto wa ndovu huja mbio kutoka kichakani wakijua kabisa chupa ziko wapi. Wengine mama zao waliuawa na majangili, wengine walipotezana na kundi wakati wa ukame, wengine waliokolewa kutoka visimani. Ndovu mchanga bila maziwa hafiki mbali, na maziwa ya ng'ombe hayamfai: mafuta yake hawezi kuyameng'enya. Daphne Sheldrick, mjane wa David Sheldrick aliyekuwa mhifadhi mwanzilishi wa Tsavo Mashariki, alihangaika miaka mingi akichanganya maziwa ya kila aina huku wachanga wakimfia mikononi, hadi alipojaribu mafuta ya nazi. Msomaji wa Pwani, rudia kusoma hapo. Nazi, hiyohiyo unayoikunia wali, ndiyo iliyofungua njia ya kuwanusuru ndovu wachanga. Shirika lake lilianzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe, na yeye mwenyewe alifariki mwaka 2018.

Mchanga aliyenusurika kwa nazi hiyo aliitwa Aisha. Daphne alipoondoka kwenda kwenye harusi ya bintiye na kumwacha na mtu mwingine, Aisha aligoma kula, akafa kwa majonzi. Ndiyo sababu leo watunzaji hupokezana. Chupa hutolewa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na usiku mtunzaji hulala bandani pamoja na mtoto, lakini kesho yake zamu ni ya mwenzake, ili mtoto aipende familia nzima badala ya kumng'ang'ania mtu mmoja. Ukiwaona wale wanaume wenye makoti ya kijani wamesimama kwenye matope, chupa kubwa mkononi, ujue kuna waliokatizwa usingizi kila saa tatu. Weka simu mfukoni walau mpaka chupa moja iishe. Picha za ndovu zimejaa duniani. Mlio wa mtoto anayeona chupa ya mwenzake imetangulia kujaa ni lazima uusikie mwenyewe.

Saa sita umetoka, na njaa imerudi. Vizuri. Tafuta tena buti. Mchana huu ni wa chapo madondo: chapati na maharagwe yaliyoungwa kwa kitunguu na nyanya hadi mchuzi ukawa mzito. Omba uongezewe supu, yaani mchuzi. Hailipiwi, na asiyeomba hujulikana mara moja kuwa mgeni. Ongeza kipande cha parachichi. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ikiwepo, onja, hasa iliyokaangwa kwa mafuta kidogo. Nasisitiza parachichi kwa sababu wageni huliruka wakidhani ni pambo, ilhali ndilo linalotuliza pilipili ya mama.

Twiga nitawapitia haraka, si kwa dharau. Kituo chao cha Lang'ata kilianzishwa na Jock na Betty Leslie-Melville, waliomlea nyumbani kwao twiga wa aina ya Rothschild aitwaye Daisy, wakati shamba la Soy, walikoishi twiga hao, lilipokuwa likigawanywa. Mkenya, usisahau kitambulisho, maana kiingilio chako ni tofauti na cha mgeni. Utapewa vidonge vya chakula. Mpe kimoja kimoja kiganjani. Ulimi wake, wenye urefu wa kama sentimita 45 na weusi wa kibuluu, utakupangusa mkono hadi kifundoni. Vidonge vikiisha, ondoka mbele yake. Twiga anayenyimwa hupiga kwa kichwa, na kichwa chake kinatoka mbali.

Halafu rudi Barabara ya Lang'ata, kwenye lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ya kwanza nchini. Huna haja ya gari wala kwenda mbali: hapo mlangoni pana kituo cha wanyama yatima kilichoanza miaka ya 1960. Malipo ni ya mtandaoni, kwa hiyo chaji simu. Na kabla hujashuka, maliza chochote ulichobeba au kifiche vizuri, kwani tumbili wa pale mlangoni humtambua mwenye andazi kabla mwenyewe hajakumbuka kuwa analo.

Ndani, sheria ni moja na naiunga mkono kwa moyo wote: usimrushie mnyama kitu. Simba huyo, duma huyo, fisi huyo, kuna aliyeletwa akiwa mchanga bila mama, kuna aliyeletwa na jeraha. Wengi hawawezi tena kurudi porini. Wana mlo wao na daktari wao, na njugu yako haimo katika mpango huo. Ukitaka kuwafaidi, simama nyuma ya watoto wa shule. Siku za juma huja kwa mabasi, wamevaa sweta, wameshikana mikono wawili wawili, na huuliza maswali ambayo mtu mzima huona aibu kuyauliza: anaoga? Analijua jina lake? Mama yake alienda wapi? Askari wa wanyamapori huwajibu kwa utaratibu, na ukinyamaza utajifunza mengi kuliko kwenye vibao. Kisha vuka uingie Safari Walk, iliyo papo hapo langoni, upite juu ya daraja la mbao hadi umwone bongo, paa mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe. Wa milimani waliobaki porini, wote wako Kenya, nao hawafiki mia moja. Mkazie macho.

Jioni ni ya mutura, na mutura huanza jua likizama. Ni utumbo uliojazwa nyama, damu, vitunguu, dhania na pilipili, ukachemshwa, kisha ukachomwa juu ya makaa. Utauona moshi kabla hujamwona mwenyewe. Hakuna sahani wala kiti. Watu wamezunguka ubao mmoja, mwenye suti ya ofisini ubavuni mwa mwendesha boda, kachumbari katikati, chumvi kando. Usiulize kilo. Sema "nikatie ya hamsini," na akishakata, kula palepale kwenye ubao kwa vidole, ukichukua vyako tu. Mpaka wa vyako na vya jirani haukuchorwa, lakini kila mtu anaujua.

Msomaji Mwislamu, mutura ina damu, basi wewe usisimame hapo kwa heshima tu. Nenda Eastleigh ukale viazi karai, vilivyovikwa unga wa manjano na kukaangwa, na ukwaju wa kuchovya, nami naapa hutakuwa umepunjwa.

Kwa aliyebaki kwenye ubao, lipo jambo moja zaidi: supu ya mifupa, inayouzwa kwenye kikombe cha bati na kunywewa kwa kusimama. Inywe ikiwa moto, usiizungumzie sana, na kikombe umrudishie mwenyewe mkononi. Anavyo vichache, na nyuma yako kuna foleni.