Chomeka Tu

Muuzaji wa Kariakoo hana maneno mengi. Nilimuuliza kama kile kioo cha kompyuta, kisicho na HDMI wala waya wa umeme, waya mmoja tu wa USB, kitakubali Linux. “Boss, hiyo unachomeka tu.” Linux yenyewe alikuwa haijui, ila hilo halikumzuia kuapa.

Nikachomeka. Taa ndogo pembeni ikawaka, kioo kikabaki cheusi tii. Nikaandika lsusb, amri inayotaja kila kilichochomekwa, na kioo kimo, kwa jina na namba zake. Kompyuta inakifahamu vizuri, salamu tu ndiyo haikipi.

“Mwanangu, hicho kimekufa,” akasema shangazi. Yupo mjini kutibiwa macho, lakini weusi ule hakuhitaji miwani kuuona.

Hakikufa. Tatizo ni waya. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, inadai karibu biti bilioni 3 kila sekunde, na USB 2.0 hata ijitutumue vipi mwisho wake ni milioni 480. Ni kuingiza kabati chumbani kupitia dirishani: lazima ulifungue vipande. Basi inahitajika programu ya kuibana picha na kutuma sehemu zilizobadilika tu, kisha chipu iliyomo kwenye kioo iikunjue. (Wenye tundu la USB-C linalotoa picha lenyewe hawayajui haya, na tunaomba wasituambie neno.)

Vioo vya chipu za zamani Linux inavimudu. Draiva yao, udl, imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu 2012. Changu kilikuwa cha chipu mpya. Hicho kinataka programu ya mtengenezaji, iliyofungwa usichungulie ndani, pamoja na moduli iitwayo evdi, ambayo kazi yake ni kuiaminisha kerneli kuwa kuna kioo pale ambapo hakuna. Kioo cha kweli ninacho mezani, nimekilipia, na bado natakiwa nisakinishe cha uongo.

Nikasakinisha. Moduli ikazuiwa mlangoni, kwa kuwa Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta, haipokei mgeni asiye na saini inayotambulika. Dawa yake ni kutunga nywila ya muda, kuwasha kompyuta upya na kuvizia skrini ya bluu inayokupa sekunde 10 za kubonyeza kitufe ili uidhinishe ufunguo. Usipobonyeza, inajiendea zake, na wewe unaanza upya.

Shangazi alizichagua sekunde hizo hizo. “Njoo unisomee hiki kikopo, ni chumvi au sukari?”

Ilikuwa chumvi, na tayari ilikuwa ndani ya birika. Niliporudi kompyuta ilishawaka kama kawaida yake, inanitaka nywila ya kila siku. Awamu iliyofuata nilikaa kidole juu ya kitufe, na nikaitwa tena, nikaitika bila kuinuka. Kwetu hilo ni kosa kubwa kuliko kuharibu kompyuta.

Kikawaka! Nikakipeleka kishale cha mausi kutoka kioo hiki hadi kile, nikakirudisha, nikakipeleka tena. Miswada niliyokinunulia kioo hicho ikaendelea kungoja.

Raha ile haikudumu. Masasisho yalileta kerneli mpya, evdi niliyokuwa nayo ikashindwa kujijenga juu yake, weusi ukarudi. Nikawasha upya, nikaingia kwenye menyu ya mwanzo na kuchagua kerneli ya zamani. Picha ikaja palepale. Shangazi akataka kujua nimefanya nini. Nikamwambia nimemwacha mpya, nimemrudia wa zamani.

“Ndiyo,” akasema, “mke mkubwa ndiye anayejua funguo zinawekwa wapi.”

Sikujibu kitu. Shangazi mwenyewe ni mke mkubwa.