Heri Mlaghai wa Kimironko

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kupanga meza katika soko la Kimironko. Huko kizuri na kibaya vimetundikwa kwenye kamba moja, na vyote viwili vinahitaji msemaji. Ndiyo maana mtu akiingia tu katika soko hilo la Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali, hupandishwa cheo papo hapo: asiye na kazi huwa bosi, binti asiyeolewa huwa mama, na aliyekuja kuulizia vifungo vya shati huwa mteja wa siku nyingi aliyepotea. Saa kumi jioni ataambiwa kuwa ndiye wa kwanza leo, afungue biashara. Kitenge alichokishika ndicho cha mwisho, ingawa pindo za wenzake zinachungulia chini ya meza. Jirani ataitwa ashuhudie kwamba bei ile ni hasara tupu, naye atashuhudia bila kuuliza ni bei gani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na kifungashio kisichopungua tangu hapo ni maneno matamu. Wasomi huziita hizi hila za kisaikolojia na wangependa zikomeshwe. Mimi nazisifu, kwa kuwa ni miongoni mwa hila chache tulizobakiwa nazo ambazo mlengwa anaruhusiwa kujibu.

Tuanze na bei ya kwanza, mama wa hila zote. Tuseme kitenge cha yadi 6 kinatajiwa faranga 30,000. Muuzaji hatarajii kulipwa 30,000. Anataka namba hiyo ikae kichwani mwa mnunuzi ili 18,000 ionekane ushindi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio linalothibitisha jambo analolijua kila muuza vitenge. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu liliposimama kwenye 10, makisio ya katikati yalikuwa 25. Liliposimama kwenye 65, yalikuwa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, lakini liliwavuta watu wazima wenye akili zao, na hata malipo kwa aliyekisia vizuri hayakuwaokoa. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Wenye meza wa Kimironko hawajapata hata barua ya shukrani, nao hulirudia jaribio hilo kutwa nzima, kwa mtaji wao wenyewe.

Ila kuna tofauti, na ndani yake ndimo zilimo sifa zote. Aliyeonyeshwa gurudumu hakuwa na la kufanya ila kukisia. Mnunuzi wa Kimironko anaweza kucheka, akataja 8,000, akakishika kitenge kwa ncha za vidole kama mzoga, akageuka na kuondoka polepole, masikio yakiwa nyuma. Huyu naye ni mwongo hodari: amejifanya hana hela, amelidharau vazi alilolipenda tangu mbali, na amesema kule mbele linauzwa nusu bei ilhali kule mbele hajafika. Hivyo hila inakutana na hila, na bei inayopatikana imepita mikono miwili. Hata ule uongo mkubwa wa kwamba kitenge ni cha Uholanzi halisi hauna madhara kama unavyodhaniwa. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mjini Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, ilipata jina kwa kuiga batiki za Java kwa mashine, kisha ikatuuzia sisi kama urembo wa Kiafrika. Anayeiga mwigaji amefuata tu desturi ya kazi.

Nitaambiwa kwamba dawa ya haya yote ni bei iliyobandikwa. Kweli, humwokoa mwenye haya na mwenye haraka. Lakini katika duka la vioo namba hubandikwa 9,990, na zile faranga 10 zilizopunguzwa ni hila ileile iliyofungwa mdomo. Ukibishana na kibandiko, mlinzi atakuja. Ukipanda ngazi zaidi, hata kibandiko hukioni. Mwaka 1929 mtaalamu wa uhusiano wa umma Edward Bernays, akilipwa na kampuni ya sigara, alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika matembezi ya Pasaka jijini New York, ikaonekana ni harakati za uhuru wa wanawake. Januari 2012, kwa wiki moja, katika jaribio lililohusisha watu 689,003, Facebook ilipunguza habari za furaha au za huzuni katika kurasa za baadhi yao ili ione kama hisia zao zitabadilika. Zilibadilika kidogo sana, kusema haki, lakini hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Muuza nyanya anayepanga kubwa juu na ndogo chini amekuachia angalau mkono wa kulipindua fungu.

Lipo pingamizi lisilo la kuchekea, na Kigali ndiyo yenye haki ya kulitoa. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, kwa muziki na utani na sauti ya rafiki anayepiga soga. Sauti hiyohiyo iliwaita Watutsi mende, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, ikataja majina ya watu na mahali walipo ili wauawe. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Utasifuje ulaghai wa maneno katika mji unaolijua hilo? Sifa zangu hazifiki huko. Wala siwezi kujificha nyuma ya hoja kwamba sokoni watu wanaonana uso kwa uso, maana mwaka ule wauaji na waliouawa walikuwa majirani waliojuana kwa nyuso na majina. Uso peke yake hautoshi. Lazima mlengwa awe na ruhusa ya kukataa na kuondoka salama, na mwongo awe na hasara ya kubeba akikataliwa. Mwenye meza anayo hasara hiyo: kodi ya kibanda inamsubiri, na kesho utapita tena mbele yake. Mtangazaji wa RTLM hakuwa na bei ya kushusha, na aliyetajwa hewani hakuwa na pa kuondokea. Kwa kipimo hichohicho naitoa mizani iliyochezewa. Huo ni wizi mtupu, kwa sababu jiwe la mizani halijibiki.

Basi nani anapata hasara Kimironko? Mgeni, hasa siku yake ya kwanza, na sitajifanya kwamba pochi yake hainiumi. Lakini miaka ya 1960 mwanasaikolojia William McGuire alionyesha kwamba mtu aliyekutana na hoja hafifu ya ulaghai, akajifunza kuijibu, huistahimili kubwa inapokuja, kama mwili uliopata chanjo. Kipimo cha chanjo ya Kimironko ni faranga elfu chache, na kinatolewa kwa tabasamu. Nenda ukapate. Epuka asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani watu wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Siku nyingine yoyote, ukitajiwa bei, taja nusu yake, usiseme unachokipenda, na usimwamini jirani wa kibanda.